Ukisoma Kutoka Juu Kwenda Chini

9 Februari

Kitinda,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelazwa. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, mchana linapona, jioni linaanza upya mgeni akiingia. Shemeji yako anakusalimu. Amenunua viatu vinavyombana na hataki kukubali kwamba vinambana, kwa hiyo anatembea kama mtu anayekanyaga mayai. Wanao je? Yule mdogo ameacha kunyonya kidole?

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu unajua tukipigiana inakuwaje. Dakika ya tatu mmoja wetu ameshakata simu. Kwenye karatasi hakuna wa kukatwa.

Mama ameona picha yako gazetini. Ameikata kwa mkasi wangu wa kushonea, akaibandika sebuleni kwangu mahali ilipokuwa kalenda. Sasa sijui leo tarehe ngapi ila najua "Mwalimu Anayesoma Makosa" anavyotabasamu. Kila anayeingia anaulizwa kama anakufahamu. Jana alikuja fundi bomba, akaziba bomba, akatoka hapa anajua hadi mwaka uliozaliwa. Mimi niliyemfungulia mlango hakuniuliza hata kama nina kazi.

Sisemi kitu. Nafurahi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini wewe najua hutatia maji, nimekulea mwenyewe.

Sasa kuna hili. Wametuletea mwalimu mpya wa hesabu, kijana kutoka shule yako, anatembea wima mpaka watoto wamembatiza Rula. Anabeba daftari la miraba kila aendako. Nikamuuliza anaandika nini humo, akasema, "Makosa ya watoto, Mwalimu. Nilifundishwa na mdogo wako." Mdogo wangu! Mbele ya ofisi nzima ya walimu. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu akatangaza kwamba mwakani darasa la mtihani atapewa mwenye kuonyesha kwa takwimu kwamba watoto wake wanapanda. Nimefundisha darasa hilo miaka kumi na tisa, Kitinda. Hakuna aliyewahi kuniomba nithibitishe.

Nitumie hilo daftari lako. Si kwamba nalihitaji. Nataka tu kuona watu wanashangilia nini.

Dada yako

---

2 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimepokea barua yako nikacheka peke yangu ofisini hadi mhasibu akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Pole na viatu vya shemeji. Sisi wazima. Kidole bado kinanyonywa, ila sasa kwa siri, chini ya shuka, jambo ambalo baba yake anaona ni maendeleo. Mwambie Mama nitamletea dawa ya kuchua goti nikija likizo.

Picha ile sikuiomba. Mwandishi alikuja kwa ajili ya paa la shule lililoezuliwa, akanikuta darasani.

Daftari nimelinakili kwa mkono na kulifunga ndani ya bahasha hii. Kurasa mbili za mwanzo hazimo, zilimwagikiwa chai. Hazina jambo kubwa.

Jinsi ya kulitumia. Kila Ijumaa nawapa jaribio la maswali kumi. Majina ya watoto nayaandika kushoto, moja chini ya jingine, na maswali nayapanga juu. Kwenye kila kijumba siandiki vema wala kosa. Naandika jibu lenyewe, vilevile mtoto alivyoliandika. Akiandika 17 badala ya 71, naandika 17. Jumamosi nalisoma. Ukisoma kwenda pembeni unamwona mtoto. Ukisoma kutoka juu kwenda chini unajiona wewe. Ikiwa watoto ishirini wamekosa swali moja kwa majibu ishirini tofauti, hawajaelewa. Ikiwa wamekosa kwa jibu lilelile, basi wameelewa vizuri sana, ila walichoelewa ni kosa, na kuna aliyewafundisha. Jumatatu nafundisha tena swali hilo, kwa njia nyingine.

Hakuna zaidi ya hapo, Dada. Sijui kwa nini wanaandika gazetini. Wewe ungeligundua kabla yangu kama ungekuwa na darasa dogo kama langu.

Rula ni kijana mzuri. Mvumilie.

Mdogo wako

---

30 Aprili

Kitinda,

Hujambo? Mama hajambo. Goti limehamia bega. Shemeji yako amekubali kwamba viatu vinambana, sasa anavivaa Mama akienda kuchota maji bombani, na vinamkaa barabara. Mvua imeingia jikoni, nimeweka sufuria mbili, najipikia kwenye ya tatu.

Daftari nililisoma. Nilitarajia maajabu, nikakuta miraba. Lakini sikukudharau, nikasema ngoja nijaribu, wasije wakasema nina kijicho na mdogo wangu wa tumbo moja. Ule utaratibu wa kunakili kila jibu nimeupunguza. Watoto wangu ni arobaini na wanne, wewe una thelathini na tisa, na mimi nina mama wa kumsugua bega. Naweka vema na kosa, najumlisha, basi.

Sasa shika kiti. Machi wastani wao ulikuwa arobaini na moja kwa mia. Aprili umekuwa sabini na nane. Mwezi mmoja! Wewe gazetini walisema ulipandisha kwa alama kumi na tisa, tena kwa mwaka mzima. Sikulinganishi, naandika tu ilivyokuwa. Mwalimu mkuu alinipa mkono mbele ya watu wote. Rula alikodoa macho, akauliza kama anaweza kuona karatasi za watoto. Nikamwambia karatasi nimewarudishia.

Nilimwonyesha Mama namba zile. Akauliza, "Na wewe watakutoa gazetini?" Nikamwambia labda.

Dada yako

---

11 Mei

Dada yangu,

Shikamoo, tena shikamoo mbili, moja ya heshima na moja ya sabini na nane! Nimewasomea barua yako walimu wenzangu. Hapa wazima wote. Mkubwa wangu ameng'oka jino akalimeza pamoja na mkate, siku tatu tulikuwa na kazi ya kumtuliza.

Nimefurahi kweli. Mkaguzi wetu wa elimu alipita hapa Jumanne, nikashindwa kujizuia, nikamwambia. Hujawahi kuona mtu anavyoandika haraka. Amesema kabla ya mwisho wa muhula atakuja kwenu na walimu sita kutoka shule nyingine wakuone ukifundisha. Nilijua utapenda.

Dada, nikuulize mawili, usikasirike. La kwanza, jaribio la Aprili ulibadilisha maswali, au lilikuwa lilelile la Machi? La pili, kama kulikuwa na swali la desimali, waliolikosa waliandika nini hasa?

Nauliza tu.

Mdogo wako

---

25 Mei

Kitinda,

Barua imefika. Sisi wazima. Bega la Mama limepoa. Mvua imekatika, sufuria zimerudi kabatini. Jirani amenunua jogoo asiyejua saa, anawika mchana.

Mambo ya shule yanaendelea.

Dada yako

---

2 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya tatu tangu ile yako ya jogoo. Nimepiga simu, Mama akaniambia uko bafuni. Mara nne nimepiga, Dada, na mara zote nne ulikuwa bafuni.

Wanangu wazima, wanakuulizia. Mama ameniambia tangu wageni waje shuleni kwenu hujamaliza sahani hata moja ya chakula, na shemeji ndiye anayemalizia. Rula nilimuuliza kilichotokea, akanijibu kwa adabu kwamba ni vizuri nimuulize dada yangu. Kwa hiyo nakuuliza.

Niandikie. Hata kama ni matusi.

Mdogo wako

---

24 Agosti

Kitinda,

Hujambo? Hatujambo. Nimeanza kula, mwambie aliyekuambia.

Jaribio lilikuwa lilelile, na hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza, na najua ulilijua siku ulipouliza. Machi niliwapa maswali kumi, nikawasahihishia ubaoni, tukayarudia kila asubuhi wiki nne, kisha Aprili nikawapa maswali yaleyale kumi. Sikuona kama ni wizi. Nilijiambia si wamejua sasa? Nilitaka namba yangu iizidi yako. Naiandika hivyo ilivyo ili usipate kazi ya kuitafuta katikati ya maneno. Kila nikipita sebuleni na wewe ukiwa umening'inia pale unatabasamu, roho ilikuwa inaniuma kama jino.

Wakaja. Mkaguzi na walimu sita, wakakaa nyuma kwenye viti vya watoto, magoti yamegusa videvu. Nilifundisha vizuri, sitakudanganya, nilifundisha kama zamani, hata mkaguzi alikuwa anacheka. Kisha akaomba chaki na jaribio letu la Aprili. Alikuja mbele taratibu, akaandika swali letu, lile la kamba yenye mita 3.5 mara kumi. Ila badala ya 3.5 akaandika 4.2. Hakubadilisha kingine.

Nikawaambia watoto wasiogope, wakumbuke wimbo. Unaujua wimbo. Wakauimba wote, kwa sauti, kwa fahari, wageni wakapiga makofi kufuata mdundo: "Mara kumi? Bandika sifuri, songa mbele!"

Wakaandika. Mkaguzi akapita kati ya madawati. Makofi yalikuwa yamekwisha. Watano waliandika 35, kwa sababu ndilo jibu walilolikariri. Wanane walipata. Waliobaki waliandika 4.20. Mkaguzi alinishukuru kwa ukarimu wangu. Laiti angenitukana.

Karatasi nilizikusanya, nikaziweka chini ya magodoro ya wageni, huko zikakaa wiki tano. Jumamosi iliyopita asubuhi nilizitoa. Nikafuta meza ya chakula, nikachora miraba kama ulivyonielekeza, nikaandika kila jibu vilevile lilivyo. Majina arobaini na manne. Kisha nikasoma kutoka juu kwenda chini. 4.20. 4.20. 4.20. Mara thelathini na moja, Kitinda. Nikihesabu nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe. Bandika sifuri. Hawakukosea hao watoto. Walinitii. Ukiwa na 42 ukabandika sifuri unapata 420 na dunia inakwenda. Ukiwa na 4.2 ukabandika sifuri, umebaki na kamba ileile uliyoanza nayo. Miaka ishirini na minne niko darasani, na kila mwaka lile swali lilipowashinda nilisema desimali ni ngumu, au watoto wa siku hizi hawasikii.

Baadaye nikawaza jambo jingine, na ndilo lililofanya nichukue kalamu. Wimbo ule nilikufundisha wewe kabla ya mwanafunzi yeyote. Ulikuwa na miaka tisa, unaosha vyombo, mimi nakuuliza maswali, ukikosa nakurushia maji. Uliufundisha kwako pia. Lazima uliufundisha. Na ukiwa na daftari hilo, lazima uliona.

Zile kurasa mbili za mwanzo, zilimwagikiwa chai kweli?

Dada yako

---

5 Septemba

Dada,

Shikamoo. Wanangu wazima, baba yao mzima. Nimeanza barua hii mara tano, na salamu ndizo pekee zinazotoka bila kukwama.

Hapana. Chai haikumwagika.

Ukurasa wa kwanza ni wa miaka mitatu iliyopita. Watoto ishirini na saba kati ya thelathini na tisa, jibu lilelile, sifuri imebandikwa mwishoni. Nililia, kwa sababu nami niliwaimbisha. Siku ya Jumatatu niliwaambia sheria ile ina mipaka, nikawachorea nyumba za makumi na mamoja, namba zikawa zinahama chumba. Wiki tatu zikatosha. Zile alama kumi na tisa za gazetini, Dada, karibu nusu yake ni hiyo sifuri.

Desemba ile nilikuja kwenu. Utakumbuka ulikuwa na masomo ya ziada barazani, watoto kama kumi na wawili. Mimi nilikuwa ndani nakunja nguo. Nikawasikia wanaimba. Niliweka nguo chini, nikatoka hadi mlangoni, nikafungua mdomo. Ukageuka, ukasema, "Tazameni, huyu ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza." Nikafunga mdomo. Nikarudi kukunja nguo.

Nilijiambia ni heshima. Mdogo hamsahihishi mkubwa wake mbele ya wanafunzi wake. Lakini jioni yake tulikuwa wawili tu jikoni, hapakuwa na mwanafunzi, na sikusema. Wala mwaka uliofuata. Wala mwaka huu ulipoliomba daftari kwa mkono wako mwenyewe, nikakaa na wembe nikazikata zile kurasa mbili, nikaanza kunakili kuanzia ya tatu.

Haikuwa heshima. Maisha yangu yote mimi ni mdogo wake Mwalimu. Siku ya kwanza kazini waliniuliza, "Wewe ndiye mdogo wake?" Watoto wanakupenda kwa namna ambayo wangu hawajawahi kunipenda. Wangu wananiheshimu. Wako wanakusindikiza hadi mlangoni. Kila mwaka matokeo yakitoka natafuta shule yako kabla ya yangu, na miaka minane mfululizo ulikuwa juu. Kisha nikaipata ile sifuri, na kwa mara ya kwanza nikakuzidi. Nilijua nikikuambia, kwa mkono wako ule na sauti yako ile, ndani ya mwaka mmoja utanipita tena. Basi nikakaa nayo. Ulivyoniandikia kuhusu picha ya gazetini na jinsi roho inavyokuuma, niliisoma sehemu hiyo mara mbili, na nilifurahi.

Nisamehe, au usinisamehe. Kurasa mbili nimezifunga humu.

Mdogo wako

---

12 Septemba

Kitinda,

Salamu leo hakuna.

Barua yako niliisomea bafuni, safari hii kweli. Nilipotoka Mama aliuliza umeandika nini, nikamwambia wazima. Kisha nikaenda shuleni siku ya mapumziko, nikamwomba karani anifungulie kabati la majalada. Nimetoa matokeo ya miaka hiyo mitatu uliyokaa kimya. Watoto mia moja thelathini na mmoja. Yupo binti wa fundi cherehani wa barabara ya juu, alikosa nafasi ya sekondari kwa alama mbili. Swali la desimali lina alama mbili. Sasa hivi anamkatia mama yake vitambaa. Jana nilipita pale akaniamkia kwa furaha, akaniletea kiti.

Sijui kama ni swali lile lililomwangusha. Wewe pia hujui. Tutakaa na kutojua huko sote wawili, wewe kwa miaka mitatu, mimi kwa ishirini na minne. Usidhani nakubebesha wewe peke yako. Wimbo ni wangu. Ila mimi nilikuwa sioni, wewe ulikuwa unaona, na hilo sitalipunguza makali ili ulale vizuri.

Nilitaka kukuchukia. Nimejaribu tangu niisome. Ninachokwamia ni kwamba ningekuwa wewe, nikawa na daftari lile mkononi na dada mwenye mdomo kama wangu, ningezikata kurasa hizo, na huenda ningekata na ya tatu.

Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia ukweli wa arobaini na moja na sabini na nane. Alichezea kifuniko cha kalamu, akasema, "Basi Januari darasa la mtihani nitampa kijana." Nikamwambia sawa. Miaka kumi na tisa, Kitinda. Nimemwona Rula kwenye korido nikamwonea wivu mpaka machozi yakanitoka, kisha nikamwomba aje akae nyuma ya darasa langu na miraba yake, aandike kila nitakachokosea. Alikuja. Ameandika ukurasa mzima kwa kipindi kimoja, mjinga yule.

Watoto nimewaambia. Nilisimama mbele nikasema mwalimu wenu amewafundisha vibaya, na kosa si lenu. Kisha msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na mengine je?"

Ndiyo maana nakuandikia. Ulikaa mezani kwangu miaka minane. Kila nilichowahi kufundisha vibaya nilianza kwa kukufundisha wewe, na najua umeshakikuta kwenye daftari lako, na najua umeninyamazia. Yaandike yote. Usiniachie hata moja kwa sababu ya udada, wala usinitungie maneno matamu. Mtihani ni baada ya wiki tano, na hawa arobaini na wanne bado ni wangu.

Dada yako